Shajara ya mradi: Brinker, kizimaji cha jeni kinachosoma ishara ya Dpp kwenye bawa la nzi wa matunda

Februari: swali lenyewe

Mradi unafuatilia kizimaji cha jeni kiitwacho Brinker ndani ya diski ya bawa ya Drosophila melanogaster. Diski hiyo ni kifuko cha seli kilichomo mwilini mwa buu. Huanza na makumi machache ya seli, hufikia makumi ya maelfu kabla buu hajawa pupa, kisha hukunjuka kuwa bawa na sehemu ya mgongo wa nzi mzima.

Ishara inayoipanga diski kutoka mbele kwenda nyuma ni Dpp, protini ya ukoo wa BMP, yaani protini za ishara zinazotoka seli moja kwenda nyingine. Hutengenezwa na mstari mwembamba wa seli za katikati, upande wa mbele wa mpaka unaogawa nusu ya mbele na nusu ya nyuma, na kutoka hapo husambaa pande zote mbili huku ikipungua. Seli inayoipata huipokea kwa vipokezi Thickveins na Punt. Vipokezi hivyo huitia fosfati protini Mad, na Mad hiyo (tunaiita pMad) hushikana na Medea na kuingia kwenye kiini.

Mtu angetarajia kwamba pMad huenda moja kwa moja kuwasha jeni za bawa. Kazi yake kubwa ni nyingine. Ikiwa na Medea na protini ya tatu, Schnurri, huzima jeni ya brinker. Brinker nayo, pale ilipo, huzima jeni za bawa kama spalt (sal) na optomotor-blind (omb). Ishara huwasha jeni kwa kumwondoa anayezizima. Kutokana na hilo mteremko wa Dpp ulio juu katikati hugeuka kuwa mteremko wa Brinker ulio juu pembeni, na jeni lengwa husoma huo wa pili. Kiasi kidogo cha Brinker hutosha kuizima sal, ndiyo maana eneo la sal ni jembamba. Omb huvumilia zaidi, na eneo lake ni pana. Maabara tatu zilieleza jeni ya brinker kwa mara ya kwanza mwaka 1999, na mpangilio huu wa kuzima kizimaji umebaki kuwa mojawapo ya mifano iliyo wazi kabisa ya jinsi ukuaji wa kiungo unavyodhibitiwa.

Kwa hiyo picha ya Dpp peke yake haielezi jeni gani imewaka wapi. Kila jaribio lililomo humu limepangwa kutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huja pamoja: ishara kufika, na kizimaji kuondoka.

Machi: nzi, chakula na mpango wa kuzalisha

Jeni ya brinker iko kwenye kromosomu X. Hili linaamua karibu kila kitu katika uzalishaji. Dume mwenye brk^M68 (brk ni kifupi cha brinker), ambayo ni aleli, yaani toleo la jeni, isiyofanya kazi, hufa akiwa kiinitete. Jike mwenye nakala moja huishi, na mstari wake hutunzwa juu ya FM7, kromosomu X maalumu inayolinda mutesheni isipotee. Ili kupata seli zisizo na Brinker ndani ya diski iliyo hai, tunatumia kloni za MARCM, yaani vikundi vya seli zilizotokana na seli moja iliyopoteza jeni, ambavyo peke yake hung'aa kijani: majike wa brk^M68 FRT19A juu ya FM7 yenye Dfd-YFP (alama ya mwanga wa njano) wanawekwa na madume wa hsFLP tub-Gal80 FRT19A wenye UAS-GFP kwenye kromosomu ya 2 na tub-Gal4 juu ya TM6B kwenye kromosomu ya 3. FLP hubadilishana vipande vya kromosomu kwenye FRT; Gal4 huwasha chochote kilicho chini ya UAS, hapa GFP, protini ya kijani; Gal80 huizuia Gal4; na TM6B ni kromosomu ya kulinda kama FM7, inayomfupisha buu.

Kuchagua mabuu ni rahisi ukifuata urithi wa X. Gal80 iko kwenye X ya baba, hivyo haiwafikii watoto wa kiume. Dume yeyote aliyepata tub-Gal4 hung'aa kijani mwili mzima na huondolewa. Mabuu wafupi wana TM6B, kwa hiyo hawana tub-Gal4, nao huondolewa. Wenye mwanga wa njano kichwani wamepata FM7. Anayebaki, asiye na mwanga wowote isipokuwa madoa ya kloni, ndiye jike anayetakiwa. Katika kundi la kulinganisha, lenye FRT19A isiyo na mutesheni, madume hawafi, na hukumu ya jinsia isitegemee mwanga pekee: buu wa kiume wa hatua ya tatu ana korodani mbili kubwa, angavu, zenye umbo la yai, zinazoonekana ubavuni kupitia ngozi, katikati ya mafuta ya mwili.

Chakula kwa lita moja ya maji: agari gramu 8, unga wa mahindi gramu 70, hamira kavu gramu 30, sukari gramu 70. Chemsha huku ukikoroga hadi kiwe uji mzito, acha kipoe hadi chini ya 60°C, ndipo uongeze mililita 5 za asidi ya propioniki na mililita 10 za nipajini iliyoyeyushwa kwa asilimia 10 katika ethanoli. Zikitiwa kwenye uji unaochemka, ethanoli na asidi huruka na mvuke, na baada ya siku chache ukungu huota kwenye chupa. (Hamira ina nafasi ya pekee katika kazi hii. Gal4, Gal80 na FLP, zana tatu tunazozitegemea, zote zilitoka kwenye hamira ya mkate, kiumbe kilekile tunachowalisha nzi.)

Msongamano nao ni sehemu ya jaribio. Mabuu wakizidi 50 katika chupa ndogo hukua polepole na diski zao hutofautiana ukubwa hata kama umri ni mmoja, na mteremko unaopimwa kwa mikromita hubadilika bila jeni yoyote kubadilishwa. Tunaacha majike watage kwa saa 4 tu kwenye sahani ya agari na maji ya zabibu, kisha tunahamisha mabuu 30 hadi 40 kwa kila chupa. Katika 25°C yai huanguliwa baada ya saa 24 hivi, hatua ya kwanza na ya pili ya buu huchukua takriban siku moja kila moja, na ya tatu siku mbili. Katika 18°C kila kitu huchukua karibu muda mara mbili.

Machi, mwishoni: kloni za kwanza

FLP huwashwa kwa joto: 37°C kwa saa moja, saa 48 hadi 60 baada ya kutagwa. Tumia beseni la maji, si hewa ya inkubeta, kwa sababu hewa huipasha chupa polepole na kwa kutolingana. Sukuma kizibo cha sponji ndani hadi kiwe chini ya usawa wa maji ya beseni. Mabuu hupanda kukimbia joto, na wale waliofika sehemu ya juu isiyozama hawapati mshtuko kamili. Ukikuta diski zisizo na kloni kando ya zenye kloni nyingi katika chupa moja, anza kuchunguza hapo.

Joto la mapema hutoa kloni chache kubwa, la baadaye hutoa nyingi ndogo. Hatukushuka chini ya saa 48 kati ya joto na upasuaji, kwa sababu seli iliyopoteza jeni bado ina protini iliyorithi kutoka kwa seli mama, na inahitaji kugawanyika mara kadhaa kabla Brinker haijaisha. Katika MARCM kuna ucheleweshaji wa pili: Gal80 iliyobaki huizuia Gal4 kwa takriban siku nzima, hivyo GFP huonekana baada ya kloni kuwa tayari na seli kadhaa.

Kinachoonekana: kloni zilizo katikati ya diski hazibadilishi kitu, kwa kuwa Brinker haikuwepo hapo tangu mwanzo. Zile za pembeni huwasha omb na sal mahali ambapo jeni hizo hazipaswi kuwaka, na mpaka wa mwanga hufuata mpaka wa kloni seli kwa seli. Jirani aliye nje ya kloni habadiliki. Hilo ni muhimu kwa hoja nzima: Brinker hufanya kazi ndani ya seli yake, wala si protini inayotoka nje kwenda kuwaambia majirani. Kloni za pembeni pia hukua kuliko ndugu zake, wakati mwingine hadi diski inavimba ubavuni, kwa sababu Brinker ndiyo inayouzuia ukuaji wa sehemu hiyo.

Kuhusu kulinganisha: seli zinazoizunguka kloni zina nakala moja ya brk, si mbili. Kiasi cha Brinker ndicho kinachopimwa hapa, kwa hiyo kuzitumia kama kipimo cha kawaida si sahihi. Kipimo sahihi ni diski za kundi la kulinganisha, zilizopakwa rangi katika mrija uleule.

Aprili: kuipaka pMad

Hatua hii ndiyo inayoharibika mara nyingi kuliko zote, na chanzo karibu kila mara ni kimoja. Vimeng'enya vya seli huiondoa fosfati kwenye Mad tangu buu anapochanwa hadi formaldehidi inapoingia kwenye tishu. Utaratibu ulioshika ni huu.

Mabuu wanaotembea ukutani mwa chupa huoshwa kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) baridi na kupasuliwa kwenye sahani iliyo juu ya barafu. Shika mwili kwa kibano katika theluthi ya mbele, chana, kisha sukuma ncha ya mdomo ndani hadi ngozi igeuke nje. Ondoa utumbo, tezi za mate na mafuta yote. Mafuta yakibaki hunywa kingamwili na kutoa mwanga wa uongo. Diski ya bawa isibanduliwe bado. Iache ikining'inia kwenye mrija mkuu wa hewa pamoja na diski ya haltere (kiungo kidogo cha kumsawazisha nzi arukapo) na ya mguu wa tatu, ili isipotee wakati wa kuosha. Kundi moja la upasuaji lisizidi dakika 15, kisha moja kwa moja kwenye formaldehidi ya asilimia 4 ndani ya PBS, dakika 20, joto la chumba, ikizungushwa polepole. Formaldehidi iwe ya ampuli mpya. Iliyokaa wazi hugeuka asidi, na mwanga wa pMad hushuka huku DAPI, rangi ya viini, ikiendelea kuonekana safi, jambo linalopotosha.

Baada ya hapo osha mara tatu, dakika 10 kila moja, kwa PBS yenye sabuni ya Triton asilimia 0.1. Seramu ya mbuzi ya asilimia 5 kwa saa moja. Kingamwili ya sungura dhidi ya Smad1/5 yenye fosfati, ambayo huitambua pMad ya nzi pia, kwa 1:100 usiku kucha katika 4°C. Pamoja nayo tunaweka kingamwili ya panya 4D4 dhidi ya Wingless kwa 1:50, inayochora mpaka wa juu na chini wa bawa. Kwenye diski nyingine Apa1 dhidi ya Patched, inayochora mpaka wa mbele na nyuma. Bila alama hizi mbili diski haina anwani: ya kushoto na ya kulia ni taswira za kioo, na ukizichanganya bila kugeuza, mteremko wa mbele unaongezwa kwenye wa nyuma.

Kwenye slaidi weka vipande viwili vyembamba vya utepe kama nguzo za kifuniko. Diski iliyobanwa hutanuka, na umbali wowote utakaopimwa juu yake haufai.

Umbo la pMad linastahili maelezo kwa sababu huwashangaza wanaoanza. Halina kilele kimoja katikati. Kuna vilele viwili, na kati yao bonde jembamba palepale Dpp inapotengenezwa. Rangi haikukosea. Ishara nyingine, Hedgehog, hupunguza kipokezi Thickveins kwenye mstari huo, hivyo seli zinazotengeneza Dpp zenyewe huipokea kidogo kuliko majirani zake. Hata hivyo kiasi kinachobaki kinatosha kuizima brinker kabisa, na Brinker haionekani bondeni. Ukipima uhusiano wa pMad na Brinker, usianze katikati kabisa. Anza kwenye kilele na kuelekea pembeni.

Mei: kuondoa ishara na kizimaji kwa pamoja

Hili ndilo jaribio lililoubeba mradi. Ukiondoa ishara tu, kwa UAS-tkv RNAi (RNA inayonyamazisha tkv, jeni ya kipokezi Thickveins) kwenye kloni zilizo katikati, brinker huwaka, omb na sal huzimika. Matokeo hayo yana tafsiri mbili: labda jeni zilizimika kwa kukosa pMad, labda zilizimika kwa kupata Brinker. Kloni za brk^M68 zenye UAS-tkv RNAi ndani yake hutenganisha tafsiri hizo, kwa kuwa hazina ishara wala kizimaji.

Omb huwaka humo. Seli haina ishara ya Dpp, na bado jeni inayoitwa lengwa la Dpp inafanya kazi. Kwa omb, basi, Dpp haina cha kuongeza isipokuwa kuachia breki.

Tahadhari mbili. Kwanza, RNAi iliyo dhaifu hutoa jibu hilohilo kwa sababu isiyo sahihi: ishara haikuondoka. Kila seti lazima iwe na kloni za RNAi peke yake zikionyesha pMad kupotea na Brinker kuwaka. Zisipoonyesha, seti nzima haina hoja. Pili, kloni zenye RNAi pekee huwa chache na ndogo katikati ya diski, wakati mwingine hazipo kabisa. Seli zisizosikia Dpp huongeza Brinker, huwashwa njia ya JNK, inayopeleka seli kwenye kifo, na hufa zikisukumwa na jirani. Kuondoa brinker huziokoa, na ndiyo maana kloni zenye mabadiliko mawili huonekana zenye afya kuliko zenye badiliko moja. Idadi ya kloni, basi, ni takwimu ya kurekodiwa, si kelele ya kutupwa.

Kiashiria (kipande kinachotoa mwanga jeni inapowaka) cha dad, jeni nyingine inayoitikia Dpp, hakifai kwa hoja hii na hatukukitumia kama kipimo cha kuondoka kwa Brinker. Kipande cha DNA kinachoiwasha dad kina mahali pa kushika Brinker na pia mahali ambapo Mad na Medea huishika ili kuiwasha. Mwanga wake ni jumla ya mambo mawili. Ukitaka kujua kama ishara ipo, ni kizuri sana. Ukitaka kujua kama kizimaji kimeondoka, kitakupa jibu lililochanganyika.

Mei: Brinker ya ziada, na tahadhari ya p35

UAS-brk iliyowashwa kwa ap-Gal4 huathiri nusu ya juu ya bawa tu. Nusu ya chini ya diski hiyohiyo inabaki kipimo cha kulinganisha. Tuliiacha en-Gal4 kwa makusudi. En-Gal4 huathiri nusu ya nyuma, na mteremko wa nyuma si nakala ya ule wa mbele, hivyo tofauti ya asili ingejichanganya na tofauti ya jaribio.

Brinker nyingi huua seli, na diski inayosinyaa haiwezi kupimwa. Njia inayomjia mtu haraka ni kuongeza UAS-p35, protini ya virusi inayozuia vimeng'enya vya kifo. Usifanye hivyo katika jaribio linalohusu Dpp. Seli iliyoanza kufa na kuzuiwa na p35 hubaki hai kwa namna isiyo ya kawaida na huanza kutoa Wingless na Dpp yenyewe. Utakuwa umeongeza chanzo kipya cha ishara ileile unayoipima, palepale unapoipima. Njia iliyo safi ni kufupisha muda wa Brinker.

Juni: saa ya kuwasha

tub-Gal80^ts, Gal80 inayoathiriwa na joto, inatupatia swichi ya muda. Katika 18°C Gal80 huishika Gal4 na hakuna kinachowaka. Katika 29°C Gal80 huharibika na Gal4 huwa huru. Mabuu hukuzwa 18°C hadi hatua ya tatu, kisha huhamishwa 29°C kwa saa 6, 12 au 24, na wote hupasuliwa wakiwa katika hatua moja ya ukuaji. Kwa kuwa 29°C huharakisha ukuaji, wanaokaa muda mrefu kwenye joto lazima wahamishwe wakiwa wachanga zaidi ili wafike mwisho pamoja na wengine. Kupanga kwa saa za ukutani bila kurekebisha kasi hiyo hufanya ulinganishe diski za umri tofauti. Kipimo cha umri tunachokiamini ni umbo la diski yenyewe: mstari wa Wingless uliokamilika ukingoni mwa bawa na mikunjo mitatu ya bawaba.

Chupa huhamishiwa kwenye beseni lenye maji ya 29°C kwa dakika chache kabla ya kuingia inkubeta. Chakula hupasha joto taratibu, na katika kipimo cha saa 6 ucheleweshaji huo hauwezi kupuuzwa.

Kwa upande wa kuzima, brk-lacZ, kiashiria kinachotengeneza kimeng'enya beta-galaktosidezi brk inapowaka, haiaminiki. Beta-galaktosidezi hudumu ndani ya seli muda mrefu baada ya jeni kunyamaza. Tukiiwasha ishara kwa kipokezi kinachofanya kazi bila kusubiri Dpp, UAS-tkv^Q253D, kingamwili dhidi ya Brinker huonyesha protini imepungua wakati lacZ ya seli hizohizo bado inang'aa. Kwa picha za hali tulivu lacZ inafaa; kwa saa inayokwenda, tumia kingamwili au upimaji wa RNA yenyewe.

Kuna mtego mwingine wa lacZ. Brinker hujizima yenyewe kwa kiasi fulani. Ndani ya kloni za brk^M68 za pembeni, kiashiria cha brk kilichowekwa kwenye kromosomu ya 3 hung'aa kuliko kwa jirani. Asiyejua hilo ataandika kwamba ishara ya Dpp imepungua ndani ya kloni. pMad haijaguswa, kilichokosekana ni Brinker ya kujipunguza.

Julai: nukleotidi tano

Mahali ambapo Mad, Medea na Schnurri hukutana kwenye DNA ya brinker pana mfuatano mfupi, tunaouita kinyamazishi: GRCGNC (R ni A au G, N ni yoyote), kisha nukleotidi tano zozote, kisha GTCTG. Mad hushika upande mmoja, Medea upande wa pili, na umbali kati yao ndio unaoiruhusu Schnurri kujipachika juu. Schnurri ndiyo inayoleta kunyamaza. Mad na Medea peke yao hazitoshi.

Viashiria vitatu vya GFP vimetengenezwa. Vyote vina enhansa, kipande cha DNA kinachoiwasha brinker kila mahali. Cha kwanza hakina kinyamazishi, cha pili kina kinyamazishi cha asili, cha tatu kina kinyamazishi chenye nukleotidi nne katikati badala ya tano. Enhansa ni lazima iwepo. Kinyamazishi kilichowekwa peke yake hakionyeshi chochote, maana hakuna kilichowaka cha kunyamazishwa.

Vyote viliingizwa mahali pamoja, attP2 kwenye mkono wa kushoto wa kromosomu ya 3, kwa integrasi ya phiC31, kimeng'enya kinachopachika DNA mahali palipochaguliwa. Kuviingiza ovyo kungefanya tofauti ya mwanga itokane na ujirani wa kromosomu. Viinitete hukusanywa kila nusu saa, huvuliwa ganda kwa hipokloriti ya asilimia 2.5 kwa dakika mbili hivi, huoshwa sana, hupangwa, hukaushwa kidogo na kudungwa nyuma kwa DNA ya nanogramu 300 kwa kila mikrolita. Lazima kazi iishe kabla seli za uzazi hazijajitenga nyuma ya kiinitete, yaani dakika 90 hivi baada ya kutagwa katika 25°C. Chumba cha 18°C hurefusha nafasi hiyo. Kiinitete kisichokaushwa vya kutosha humwaga yaliyomo sindano ikiingia. Kilichokaushwa mno hunywea na kufa baadaye. Dalili ya kiasi sahihi ni utando unaobonyea kidogo tu unapoguswa.

Kiashiria cha kwanza kinang'aa diski nzima. Cha pili kimezimika katikati na kinapanda taratibu kuelekea pembeni, umbo lilelile la Brinker. Cha tatu kinang'aa diski nzima sawa na cha kwanza. Nukleotidi moja imeondolewa, mahali pa kushika Mad na Medea hapajaguswa, na mteremko wote umepotea.

Julai: namna tunavyopima picha

Picha za hadubini ya konfokali huchukuliwa hivi: biti 12, hatua ya mikromita 1, mipangilio ileile ya leza kwa kundi zima, ikiwekwa kwa diski yenye mwanga mkali zaidi ili pikseli yoyote isifike kikomo. Tabaka la juu la seli bapa zenye viini vikubwa huondolewa kwenye rundo kabla ya kujumlisha, kwa kuwa nalo lina Brinker na pMad zake. Kipande cha upana wa mikromita 30 huchukuliwa sambamba na mstari wa Wingless, juu yake kidogo na si juu yake kabisa. Mwanga wa usuli wa pMad hupimwa pembeni, wa Brinker katikati. Umbali huandikwa kwa namna mbili, kwa mikromita na kwa sehemu ya upana wa bawa, kwa sababu mteremko hutanuka diski inapokua na kila namna hujibu swali lake.

Mabawa ya nzi wazima hupigwa picha pia. Mshipa L2 hutokea kwenye ukingo wa mbele wa eneo la sal, na L5 hufuata mpaka wa nyuma wa omb na Brinker. Bawa lililowekwa kwenye slaidi halihitaji konfokali, na mishipa hiyo ikihama huonyesha kwamba mpaka ulihama siku kadhaa kabla, diski ilipokuwa ingali ndani ya buu.

Inayofuata

Brinker ina vipande tofauti vya kushikana na Groucho na CtBP, protini mbili zinazoisaidia kuzima, na jeni lengwa haziwategemei wasaidizi hao kwa namna moja. Kloni zisizo na Groucho hazitatumika. Groucho huhudumia vizimaji vingi vya njia ya Notch (ishara nyingine kati ya seli), zikiwemo protini za Enhancer of split, na kuiondoa huvuruga mpaka wa juu na chini wa bawa kabla hujafika kwenye Dpp. Badala yake vipande hivyo viwili vinabadilishwa ndani ya brinker yenyewe kwa CRISPR, zana ya kuhariri jeni, kimoja kimoja, kisha vyote viwili. Kwa kuwa jeni iko kwenye X, dume wa kizazi cha kwanza cha mstari thabiti anatoa jibu bila kusubiri nakala mbili: akiishi, mabawa yake hupimwa L2 na L5, asipoishi, mstari unawekwa juu ya FM7 Dfd-YFP na diski zinasomwa kwa kloni. Viongozi vya RNA vimechaguliwa na plasmidi za kurekebishia zinasomwa mfuatano kabla ya kudungwa.